Tone la bati: miaka 60 ya kutengeneza radi ndogo kwa leza

Ukifika Mwankoko, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, neno "bati" lina maana moja tu: paa. Tembe, zile nyumba za Wanyaturu zenye paa bapa la udongo, zimebaki chache, na mvua ya Januari siku hizi inapiga juu ya mabati. Lakini ukimuuliza mwanakemia, atakuambia hilo la juu ya nyumba sio bati. Ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Bati lenyewe ni metali nyingine: nyeupe, laini, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 232 tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila taabu. Fundi simu wa mjini Singida analo mezani kwake kila siku. Ule waya laini anaouyeyusha ili kuunganisha vipande vya simu yako, sehemu yake kubwa ni bati.

Makala hii inahusu bati hilo la kweli, ila katika hali ambayo hatujazoea kulifikiria. Katika viwanda vichache duniani, bati lililoyeyuka linarushwa kama matone madogo sana, upana wa kila tone ukiwa kama theluthi ya unywele wa binadamu. Kila sekunde yanapita matone 50,000. Kila tone linapigwa na leza likiwa hewani, linalipuka na kugeuka plazma yenye joto la mara 40 hivi ya uso wa jua, na mwanga unaotoka humo ndio unaotumika kuchora chipu za simu na kompyuta za kisasa.

Wazo hilo halikuzaliwa kwa ajili ya simu. Lilizaliwa miaka ya 1960 kwa kazi nyingine kabisa, likazunguka Marekani, Japani, Sweden, Ayalandi na Uholanzi kabla ya kukaa mahali pake. Na kila linaposimuliwa kwetu, swali la kwanza huwa hilohilo: bati linatoka wapi, na sisi tunapata nini? Ni swali halali. Tutalijibu kwa hesabu, na hesabu hiyo itawashangaza baadhi yenu.

Kwanza, plazma ni nini?

Tulisoma shuleni kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Ya nne ni plazma (waandishi wengine wa Kiswahili huiita utegili). Ukiipasha gesi joto kupita kiasi, elektroni zinang'oka kwenye atomu zake. Unabaki na mchanganyiko wa elektroni huru na ioni, yaani atomu zilizopungukiwa elektroni. Mchanganyiko huo unapitisha umeme, na unatoa mwanga.

Mtu wa Singida haihitaji maabara ili kuiona. Radi inapopasua anga wakati wa masika, ule mstari mweupe ni hewa iliyogeuzwa plazma, na joto lake linafika nyuzi 30,000 hivi. Cheche ya bluu ya fundi wa kuchomelea madirisha ni plazma. Ndani ya taa ya tyubu ni plazma. Jua lote ni plazma.

Leza inaitengenezaje? Kumbuka mchezo wa watoto wa kuchoma karatasi kwa lenzi. Mwanga wa jua uliotawanyika unakusanywa kwenye nukta moja, na karatasi inaungua. Leza inafanya hivyo kwa ukali zaidi mara mbili: inakusanya mwanga kwenye nukta ndogo sana, na pia inaukusanya kwenye muda mfupi sana. Nishati ndogo ikitolewa ndani ya sehemu ya bilioni ya sekunde, mahali padogo kuliko ncha ya sindano, hakuna kitu duniani kinachoweza kubaki yabisi hapo.

Walichotaka mwanzoni ni jua

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960, huko California, ikitengenezwa na Theodore Maiman kwa kutumia kipande cha rubi. Miaka miwili tu baadaye, wanafizikia walijua namna ya kuizuia leza isitoe mwanga hadi nishati ijae, kisha kuiachilia yote kwa mpigo mmoja. Mipigo hiyo waliiita mipigo mikubwa, na ilikuwa mikubwa kweli. Mwaka 1963 watu walishangaa kuona leza ikitoa cheche kwenye hewa tupu, bila kugusa kitu chochote.

Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Dawson, alichapisha mahesabu yaliyoweka msingi wa habari yetu. Swali lake lilikuwa hili: je, tukichukua punje ndogo ya yabisi au tone la kimiminika, lenye upana wa kama sehemu ya kumi ya milimita, tukalipiga kwa mpigo mkubwa wa leza, tunaweza kupata plazma ya moto sana, itakayosaidia juhudi za kuunganisha viini vya atomu? Hiyo ndiyo kazi inayofanyika ndani ya jua. Mahesabu yake yalisema inawezekana.

Kwa nini tone, na sio bamba la chuma? Hapa kuna fizikia nzuri isiyohitaji hesabu. Ukipiga bamba, joto linakimbilia ndani ya bamba, na vipande vinaruka huku na huku. Tone linaloelea halina jirani. Nishati yote unayolipa inabaki kwake. Tena unajua kabisa umepiga maada kiasi gani, kwa sababu tone lina ukubwa wake na basi. Watafiti wengi waliokuja baadaye walirudi kwenye sababu hizo mbili, hata pale walipokuwa hawana habari na jua.

Ndoto ya kuunganisha viini ilichukua njia yake ndefu. Desemba 2022, kituo cha Livermore cha Marekani kilipiga kijikapsuli kidogo kwa leza zenye megajuli 2.05 na kupata megajuli 3.15 kutoka kwenye muungano wa viini. Ni mafanikio makubwa, ingawa umeme uliotumika kuendesha leza zenyewe ulikuwa mwingi zaidi ya huo mara nyingi. Umeme wa namna hiyo bado haujawasha hata taa moja. Tone lenyewe lilikwisha kupata kazi nyingine.

Kalamu nyembamba zaidi

Chipu inachorwa kwa mwanga. Unamulika picha ya saketi juu ya kipande cha silikoni kilichopakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, kisha unaosha na kuchimba pale mwanga ulipogusa. Kazi hiyo inaitwa lithografia. Shida yake ni kwamba mwanga wenyewe una unene. Urefu wa wimbi lake ndio unene wa ncha ya kalamu yako. Huwezi kuandika herufi ndogo kwa kutumia kipande cha mkaa.

Kwa hiyo historia ya chipu kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta mwanga wa mawimbi mafupi zaidi. Walianza na mwanga wa taa za zebaki, nanomita 436, wakashuka hadi 365. Wakaja na leza za gesi za nanomita 248, kisha 193. Hapo wakakwama kwa muda mrefu. Walifanya ujanja mwingi, hata kuweka maji kati ya lenzi na silikoni, lakini kalamu yenyewe ilibaki ileile.

Mjapani Hiroo Kinoshita, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya NTT, alikuwa amependekeza mruko mkubwa mapema sana. Mwaka 1986 aliwaonyesha wanafizikia wenzake wa Japani picha iliyochorwa kwa mawimbi mafupi kabisa, yanayokaribia eksirei, kwa kutumia vioo maalumu. Wasikilizaji hawakumwamini. Ilionekana kama kichekesho: mawimbi ya aina hiyo humezwa na kila kitu. Lenzi ya glasi inayameza. Hewa inayameza. Kioo cha kawaida kinayameza.

Hata hivyo Kinoshita hakuwa peke yake. Maabara za Bell na za Livermore, Marekani, zilikuwa zikipita njia hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye wote wakakubaliana juu ya wimbi la nanomita 13.5, kwa sababu kioo chenye tabaka nyingi za molibdenamu na silikoni zilizopangwa kwa zamu kinaweza kurudisha karibu asilimia 70 ya mwanga huo. Mwanga wenyewe unaitwa urujuanimno ya mbali, na ufupisho wake kwenye viwanda ni EUV.

Asilimia 70 inasikika kuwa nyingi. Sasa hebu piga hesabu. Mwanga unahitaji kugonga vioo kama 11 kabla ya kufika kwenye silikoni. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara 11: unabaki na asilimia 2. Yaani kati ya kila shilingi 100 za mwanga unaozalisha, 98 zinapotea njiani. Ndiyo maana swali zito likawa moja tu: taa. Nani atatengeneza taa ya nanomita 13.5 yenye nguvu ya kutosha?

Mfereji wa maji na spiriti ya Lund

Plazma inaweza kutoa mwanga huo, mradi iwe na moto wa kutosha. Miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 watu walipiga mabamba ya metali kwa leza na kuupata. Tatizo likawa uchafu. Kila mpigo ulirusha vipande vya metali iliyoyeyuka, navyo vilienda kuganda kwenye vioo vya thamani. Ni kama kupika na mafuta yanayoruka huku miwani yako iko sentimita chache kutoka kwenye kikaango. Baada ya muda mfupi huoni kitu.

Jibu lilitoka Lund, Sweden. Mwaka 1993, Lars Rymell na Hans Hertz walichapisha kazi fupi: badala ya bamba, walitumia matone ya ethanoli, yaani spiriti. Matone yalitoka kwenye mdomo mwembamba unaotikiswa na umeme, teknolojia ileile ya printa za wino. Kila tone lilipigwa na leza likiwa katikati ya ombwe, nalo karibu lote likageuka gesi na kuondoka. Uchafu ulipungua sana.

Namna matone yanavyopatikana ni jambo unaloweza kulitazama hata kwenye bomba la Mwankoko. Fungua maji kidogo sana, mpaka utoke uzi mwembamba. Karibu na mdomo wa bomba uzi ni laini kama kioo. Ukishuka chini kidogo, unaanza kuwa na viuno, kisha unakatika matone. Mbelgiji Joseph Plateau na Mwingereza Lord Rayleigh walilieleza jambo hili karne ya 19: ngozi ya maji inapenda kuwa na eneo dogo kadiri inavyowezekana, na matone yana eneo dogo kuliko uzi wa ujazo uleule. Ukiutikisa mdomo kwa mdundo maalumu, viuno vinajipanga kwa mdundo huo, na matone yote yanatoka sawasawa, kama wanajeshi kwenye gwaride. Hapo leza inaweza kulenga, kwa sababu inajua tone linalofuata litakuwa wapi na saa ngapi.

Kwa hiyo tone lilitatua mambo matatu kwa wakati mmoja. Kila mpigo unapata shabaha mpya, isiyo na shimo. Uchafu ni kidogo kwa kuwa maada yenyewe ni kidogo. Na mdomo unaotoa matone unakaa mbali na moto. Dawson alikuwa ameliona jambo hili miaka 29 kabla, kwa ajili ya jua. Watu wa Lund walilihitaji kwa ajili ya kitu kidogo zaidi.

Kwa nini bati?

Spiriti na maji yalitoa mwanga, ila haukutosha. Wakajaribu zenoni, gesi safi isiyoshikamana na vioo. Zenoni nayo iliwaangusha: chini ya asilimia 1 ya nishati ya leza ndiyo iliyorudi kama mwanga unaotakiwa.

Bati lilijulikana kuwa linaweza zaidi. Huko Dublin, kikundi cha wanafizikia akiwemo Gerry O'Sullivan kilikuwa kinachunguza tangu miaka ya 1980 mwanga unaotoka kwenye metali nzito zikipigwa na leza. Waligundua kuwa baadhi ya ioni za aina hiyo hazitoi mistari michache ya rangi, zinatoa maelfu ya mistari iliyosongamana mahali pamoja. Bati linapopoteza elektroni kati ya 8 na 14 hivi, msongamano wake unaangukia karibu kabisa na nanomita 13.5. Tena kinachopendeza ni kwamba ioni ya hatua moja na ioni ya hatua inayofuata zote zinatoa mwanga pale pale. Huhitaji joto sahihi kwa kipimo cha mwanamuziki anayefunga gitaa. Ukikaribia tu, unapata.

Watafiti wa Dublin hawakuwa wanatafuta taa ya viwandani. Walitaka kuelewa atomu. Utafiti wao ulikaa kwenye maktaba miaka mingi kabla ya mtu wa kiwandani kuuhitaji.

Lakini bati ni uchafu mtupu. Linaganda kwenye vioo. Wahandisi, hasa wa kampuni ya Cymer ya San Diego pamoja na ASML ya Uholanzi, walilazimika kukubali adui huyo na kumdhibiti. Hizi ndizo mbinu zao tatu kubwa.

Ya kwanza ni kupiga mara mbili. Mpigo mdogo wa kwanza unalibonda tone na kulifanya bapa kama chapati. Chapati hiyo ni pana na nyembamba, kwa hiyo mpigo mkubwa wa pili unaigeuza karibu yote kuwa plazma, bila mabaki mengi. Kwa njia hiyo ufanisi ulipanda hadi asilimia 5 au 6.

Ya pili ni leza yenyewe. Walichagua leza ya kaboni dayoksaidi, ukoo uleule unaotumika kukata mabamba ya chuma viwandani, iliyotengenezwa na Wajerumani wa Trumpf na kupandishwa nguvu zaidi ya kilowati 20.

Ya tatu ni haidrojeni. Ndani ya chombo chenye ombwe wanapitisha haidrojeni kidogo. Bati lililoganda kwenye kioo linaungana na haidrojeni, linageuka gesi, na gesi inavutwa nje. Kioo kinasafishwa huku kazi ikiendelea.

Matone yenyewe yanaruka kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde hivi, sawa na kilomita 250 kwa saa. Basi la Singida kwenda Dodoma lina kikomo cha kilomita 80. Jaribu kumpiga nzi anayeruka kwa mara tatu ya kasi ya basi, mara mbili, katikati kabisa, halafu rudia mara 50,000 kila sekunde, usiku na mchana.

Ndiyo maana ilichelewa. Mashine hizi ziliahidiwa miaka ya 2000 na hazikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 taa zilikuwa zikitoa kama wati 10, wakati viwanda vilihitaji 250. Mwaka 2012 Intel, TSMC na Samsung ziliingiza fedha zao ndani ya ASML ili kazi isife, na mwaka huohuo ASML ikatangaza kuinunua Cymer. Wati 250 zilifikiwa mwaka 2017. Mwaka 2019 simu za kwanza zenye chipu zilizochorwa kwa matone ya bati zikaingia madukani. Tangu picha ya Kinoshita, ile iliyochekwa, ilikuwa imepita miaka 33.

Hesabu ya gunia

Sasa turudi kwenye swali letu: bati linatoka wapi?

Afrika Mashariki na Kati ina bati. Kwetu Tanzania linachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera, eneo lililokuwa Karagwe, tangu enzi za Mwingereza. Ng'ambo ya mpaka limechimbwa kusini magharibi mwa Uganda na Rwanda. Kubwa kuliko yote ni Bisie, wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mawe ya bati yalipogunduliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya wenye silaha na hata askari wa serikali walipigania ushuru, na wapagazi walibeba magunia msituni kwa miguu. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zake kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zao zinatoka maeneo ya vita ya Kongo na majirani zake, Tanzania ikiwemo. Mwaka huohuo Kinshasa ikasimamisha uchimbaji mdogo Kivu na Maniema kwa miezi sita. Tangu 2019 Bisie ina mgodi wa kisasa unaotoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 ulifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu waasi wa M23 walifika mji wa Walikale.

Mtu akisikia hayo, anakimbilia kusema: kumbe chipu zote za dunia zinategemea bati letu! Ngoja kwanza. Tupige hesabu.

Tone lenye upana wa maikromita 27 lina ujazo wa takriban sehemu moja ya milioni mia ya sentimita ya ujazo. Bati lililoyeyuka lina uzito wa gramu 7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Matone 50,000 kwa sekunde yanakula miligramu 3.6. Kwa saa ni gramu 13. Kwa siku ni kama gramu 310. Kwa mwaka mzima, mashine ikifanya kazi bila kuzimwa hata dakika moja, ni kilo 114.

Hilo ni gunia moja la mahindi, na debe kasoro kidogo juu yake.

Mashine moja, yenye bei inayozidi dola milioni 150, inakula kama gunia moja la bati kwa mwaka. Tuseme ziko mashine 300: tani 34. Dunia inachimba karibu tani 300,000. Ni moja kwa karibu 9,000. Karibu nusu ya bati lote la dunia linaenda kwenye kazi ya yule fundi wetu wa Singida, kulehemu saketi. Mchimbaji wa Kyerwa anategemea soko la kulehemu, na bei yake inapanda na kushuka na soko hilo. Matone ya leza hayamsogezi hata kidogo.

Thamani yote imekaa mahali pengine. Imekaa kwenye kujua kwamba ioni za bati zinasongamana pale nanomita 13.5, kwenye mdundo wa mdomo unaokata matone, kwenye chapati, kwenye haidrojeni. Gunia la bati ni bei ya soko, na yeyote anaweza kulinunua. Miaka 33 haiuzwi kwa gunia. Tunapojadili madini yetu, na tunajadili sana, neno "kuongeza thamani" huwa lina maana ya kujenga kiyeyushio. Ni hatua nzuri, ila kwenye habari hii kiyeyushio kingemwongezea mwenye bati asilimia kadhaa tu. Sehemu nono ilitoka kwa watu waliochunguza mwanga wa atomu bila kujua utauzwa wapi.

Cheche ileile, Nairobi

Je, kazi hii ni ya matajiri pekee? Taa ya EUV, kwa sasa, ndiyo. Mashine moja inavuta umeme wa karibu megawati 1. Lakini kupiga kitu kwa leza na kusoma mwanga wa plazma yake ni kazi ambayo Afrika Mashariki inaifanya tayari.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafizikia wakiwemo Hudson Angeyo Kalambuka na Kenneth Kaduki wametumia njia hiyo kuchunguza udongo na mawe, yakiwemo ya maeneo ya mvuke wa ardhini na ya mionzi asilia mingi. Walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Unapiga kipande kwa mpigo mmoja, cheche inatoka, na kila elementi ndani yake inatoa rangi zake. Gari la Curiosity, lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, linatumia mbinu hiyohiyo kwenye mawe ya huko. Leza inayotosha inakaa juu ya meza, na kazi kubwa inabaki kwenye hesabu za kutafsiri rangi.

Na hapa matone yanarudi. Ukipiga maji kwenye beseni kwa leza, yanaruka, uso unachafuka, mpigo unaofuata hauoni kitu. Watafiti wa nchi mbalimbali wamegeukia uzi mwembamba wa maji au matone, kwa sababu zilezile za Dawson na za Lund, ili kupima metali ndani ya maji.

Mwankoko ina visima vinavyopeleka maji mjini Singida, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi sana inaharibu mifupa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tusidanganyane: leo kipimo cha elektrodi ndicho rahisi na sahihi zaidi kwa kazi hiyo, na florini ni mkaidi mbele ya leza, kwani mistari yake inahitaji nishati kubwa kuiwasha. Ila kuna ujanja. Kama maji yana kalsiamu, plazma inapopoa florini na kalsiamu vinashikana kwa muda mfupi mno na kung'aa kwa rangi inayosomeka kirahisi. Kuifanya njia hiyo iweze kupima kiasi kidogo, kwenye tone moja, kwa kifaa kinachobebwa kwenye pikipiki mpaka kisimani, ni tatizo ambalo bado liko wazi. Halihitaji megawati wala dola milioni 150. Linahitaji leza ya mezani, maji ya hapa, na mwanafunzi mmoja au wawili wenye subira ya Kinoshita.